Ndege za Mizigo: Mpya au Kuukuu?



Wako watakaouliza, watu wa reli wanajua nini juu ya ndege? Kazi yao iko chini, juu ya mataruma. Twajibu kwamba chuma ni chuma na mzigo ni mzigo. Maua yanayotoka Naivasha jioni yakapakiwa ndegeni Embakasi usiku, na kontena linalotoka Kilindini likafungwa nyuma ya injini, yote huchukuliwa kwa mashine iliyonunuliwa kwa fedha nyingi na kutunzwa na fundi wa mshahara mdogo. Siku hesabu ya kampuni isipokubali, fundi yule ndiye huitwa ofisini mbele ya wengine. Basi tajiri akikaa na makarani wake kuchagua kama atanunua ndege mpya za mizigo au zilizokwisha kutumika, hilo si shauri lake peke yake. Ni shauri letu pia, na twataka kusema.

Tena sisi wa reli tumekula sahani zote mbili. Injini za kwanza zilizoletwa Mombasa mwaka 1896 kwa ujenzi wa njia zilikuwa zimekwisha kufanya kazi India. Halafu mwaka 1955 na 1956 zikaja Garratt za daraja la 59, injini 34, mpya kabisa kutoka Manchester, zikavuta mizigo kutoka pwani mpaka Nairobi, na wazee walioziendesha walipenda kuzisimulia mpaka chai ikapoa. Mwaka 2017 zikaja injini za SGR, mpya pia, kutoka China. Na kuanzia mwaka 2020 zikaletwa treni 11 zilizokwisha kutumika katika kisiwa cha Mallorca, nchi ya Hispania, zichukue wafanya kazi wa Nairobi asubuhi na jioni. Kwa hivyo hatusemi kama wageni wa jambo hili.

Kwanza tuondoe uwongo mmoja ambao hata wenzetu wengi wanauamini, kwamba mpya ni nzuri na kuukuu ni mbaya, na ya kwamba mwajiri anayenunua kuukuu anatudharau. Sivyo. Ndege kuukuu ya mizigo mara nyingi haikuzaliwa kuwa ya mizigo. Ilichukua abiria miaka 15 au 20. Kisha viti hung'olewa, vyoo na majiko huondolewa, ubavu hukatwa mlango mkubwa wa kuingiza mzigo uliofungwa juu ya bamba, sakafu hutiwa nguvu, madirisha huzibwa, na nyuma ya marubani huwekwa ukuta au wavu wa nguvu, mzigo usije ukawaponda ndege ikisimama kwa ghafula. Kazi hiyo huchukua miezi. Si kupaka rangi tu. Ikifanywa na mafundi wenye cheti na ikaandikwa vyema, ndege ile ni halali na ina miaka mingi ya kazi mbele yake.

Tena wakubwa wa kazi hii duniani ndiyo njia waliyoipita. Kampuni ya Federal Express ya Marekani ilianza usiku wa tarehe 17 Aprili 1973 kwa ndege ndogo 14, ikapeleka vifurushi 186 katika miji 25. Sheria ya kule ilipobadilishwa mwaka 1977 wakaruhusiwa ndege kubwa, nao hawakukimbilia mpya. Walinunua Boeing 727 zilizokwisha kuchoshwa na abiria, wakazigeuza, na ya mwisho waliistaafisha mwaka 2013. Amazon nayo, kampuni yenye fedha kuliko serikali nyingi, mwaka 2021 ilinunua Boeing 767 kuukuu 11 kutoka kwa Delta na WestJet. Hawa si maskini. Mbona basi walinunua kuukuu?

Jibu liko katika saa. Ndege ya vifurushi hufanya kazi kama mlinzi wa usiku. Jioni huruka kwenda kituo kikuu, mizigo huchambuliwa, alfajiri hurudi, na mchana kutwa husimama uwanjani ikiota jua. Saa zake angani kwa siku ni chache sana. Lakini ndege ya mizigo ya safari ndefu, itokayo bara moja kwenda jingine, hutakiwa kuruka saa 12 na zaidi kila siku, na ikisimama ni hasara.

Twaomba kila mwanachama achukue penseli. Hesabu hii ni ya mfano tu, tumeitunga wenyewe ili jambo lionekane. Tuseme ndege mpya inalipiwa deni la shilingi 1,000,000 kwa mwezi, na kuukuu inalipiwa 300,000. Kuukuu hunywa mafuta zaidi na hutaka matengenezo zaidi, tuseme ya shilingi 3,000 zaidi kwa kila saa. Zikiruka saa 100 kwa mwezi, deni la mpya ni shilingi 10,000 kwa kila saa. La kuukuu ni 3,000, ongeza zile 3,000 za mafuta na matengenezo, jumla 6,000. Kuukuu imeshinda. Sasa zirushe saa 400 kwa mwezi. Deni la mpya limeshuka hata 2,500 kwa saa. La kuukuu ni 750, lakini zile 3,000 hazipungui hata senti, jumla ni 3,750. Mpya imeshinda. Ndege ni zile zile, bei ni zile zile, kilichobadilika ni saa.

Basi mkurugenzi yeyote akisimama mbele ya wafanya kazi na kusema, "Tumenunua kuukuu kwa sababu ni rahisi," au akisema, "Tumenunua mpya kwa sababu ni za kisasa," bado hajasema neno. Aulizwe: zitaruka saa ngapi kwa mwezi, na kwenda wapi?

Tuiangalie Nairobi yetu. Uwanja wa Jomo Kenyatta uko juu, zaidi ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari. Dereva yeyote wa treni aliyepanda kutoka Mombasa ajua maana ya kupanda na mzigo, lakini kwa ndege taabu ni nyingine. Hewa ya juu ni nyepesi, na mchana wa joto huwa nyepesi zaidi, hivyo bawa halipati nguvu na injini nayo hupungukiwa. Ndege ikitaka kuruka hulazimika kuacha baadhi ya mzigo au baadhi ya mafuta. Kutoka hapa mpaka Amsterdam, ambako maua yetu mengi huuzwa, ni kilomita zaidi ya 6,000. Kwa safari kama hiyo, kila siku, ndege yenye injini mbili mpya zenye nguvu na zinazokunywa kidogo ina faida kubwa. Boeing 777 ya mizigo huchukua tani kama 100 kwa injini mbili. Boeing 747-400 ya mizigo huchukua kama tani 110, lakini kwa injini nne, na kila injini ni mdomo wa kulishwa na ni kazi ya fundi.

Lakini bei! Mwaka 2019 Boeing waliandika katika orodha yao kwamba 777 moja ya mizigo ni dola milioni 352. Wanunuzi wakubwa hupunguziwa sana, walakini hata nusu ya fedha hizo ni mlima. Na hapa liko jambo ambalo makarani wa hesabu hulipita mbio: maua yana msimu. Kabla ya tarehe 14 Februari Ulaya hutaka waridi kama watu wenye njaa, na ndege zote hazitoshi. Ikifika katikati ya mwaka maua yao wenyewe yamechanua, na soko letu hulala. Deni la ndege mpya halijui msimu. Hudai Julai kama lilivyodai Februari. Tena siku hizi wakulima wengine wameanza kupeleka maua kwa meli kupitia Mombasa, kwa kuwa ni nafuu. Sisi wa reli hilo halituchukizi, lakini aliyekopa fedha za ndege mpya hana budi kulihesabu.

Kwa safari fupi, Juba, Mogadishu, Entebbe, Lusaka na nyingine za jirani, mzigo ni mchache na saa ni chache. Hapo twasema wazi kwamba ndege ya abiria iliyogeuzwa vizuri ndiyo ifaayo, na kununua mpya ni kujionyesha. Kenya Airways wamefanya hivyo kwa Boeing 737 zao za mizigo, ambazo zilizaliwa za abiria. Na Ethiopian Airlines, majirani wetu, walichukua njia zote mbili kwa akili: tangu mwaka 2012 wakanunua 777 mpya za mizigo kwa safari ndefu, na kwa njia nyingine wakatumia zilizogeuzwa.

Sasa tuje kwenye roho za watu, kwa maana hapo ndipo tulipotaka kufika.

Tarehe 4 Novemba 2025, katika mji wa Louisville, Marekani, ndege ya mizigo ya UPS aina ya MD-11 ilikuwa ikiruka kwenda Honolulu. Injini ya kushoto, pamoja na mkono wa chuma unaoiningʼiniza chini ya bawa, ilikatika ndege ikiwa ndiyo kwanza inaacha ardhi. Watu watatu waliokuwa ndani walikufa, na chini walikufa wengine zaidi ya kumi. Ndege ile ilitengenezwa mwaka 1991, ikachukua abiria wa Thai Airways, na mwaka 2006 ikaingia kazini UPS. Ripoti ya kwanza ya wachunguzi ilisema kwamba penye kiungo cha nyuma cha ule mkono zilionekana nyufa za uchovu wa chuma.

Watu wengi waliposikia walisema, "Tazama, ndege ya miaka 34!" Nasi tulisikia hivyo karakanani. Lakini ngojeni kidogo.

Tarehe 25 Mei 1979, katika mji wa Chicago, DC-10 ya American Airlines ilipatwa na jambo karibu lile lile. Injini ya kushoto na mkono wake vilikatika ndege ikiruka, na watu 273 wakafa. Ndege ile ilikuwa na miaka saba tu, na American ndiye aliyeipokea ikiwa mpya. Kisa chake ni hiki. Watengenezaji walikuwa wamefundisha kwamba injini iondolewe kwanza, kisha mkono. Kampuni ikaona njia ya mkato: iondoe vyote pamoja kama kitu kimoja, vikishikiliwa kwa foklifti. Kwa njia ile waliokoa kama saa 200 za kazi za mafundi kwa kila ndege. Foklifti haikuumbwa kwa kazi ya milimita. Ilisogea kidogo, kiungo kikabanwa, kikapasuka, na ufa ukangoja siku yake.

Saa 200 za mafundi. Tafadhali mzisome tena. Mwenye kuandika ratiba ofisini aliziona saa zile ni hasara, akazikata, na hakuna fundi aliyepata hata saa moja ya kupumzika kwa ajili yake.

Kwa hivyo umri peke yake si mwuaji. Ya Chicago ilikuwa kijana na ikaumizwa na mkato. Ya Louisville ilikuwa mzee, na twaona katika ripoti ile ya kwanza jambo la kutisha zaidi: ukaguzi wa kina wa kile kiungo ulipangwa kwa hesabu ya safari, ufanywe ndege ikifikisha safari 28,000 na zaidi. Ndege ilikuwa na safari kama 21,000. Zamu ya ukaguzi ilikuwa bado. Kwa daftari, kila kitu kilikuwa sawa. Lakini chuma hakisomi daftari.

Mtu wa reli analijua jambo hili kwa mikono. Mkaguzi wa magari hupita kando ya treni na nyundo, akagonga kila gurudumu, na gurudumu zima hulia kama kengele, lililopasuka hulia kama sufuria. Kazi hiyo haina haraka. Ukimpa mkaguzi mmoja treni tatu badala ya moja, nyundo itagonga lakini sikio halitasikia. Na usipoziba ufa utajenga ukuta, ila kwa ndege hakuna ukuta wa kujenga, ni kaburi.

Basi hapa ndipo tunapomshika tajiri wa ndege. Akinunua kuukuu, ameokoa fedha nyingi katika bei. Vyema. Lakini sehemu ya fedha zile si zake. Ni za karakana. Ndege ya miaka 20 inataka macho zaidi, saa zaidi, vipuri zaidi, taa nzuri zaidi ya kuonea nyufa, na mafundi ambao hawakukesha usiku wa jana. Mwajiri anayenunua ndege kuukuu tano, na idadi ya mafundi ikabaki ile ile ya ndege tatu mpya, huyo hakununua kwa bei rahisi. Amenunua kwa deni, na wenye kulilipa ni mafundi, marubani na watu wanaokaa chini ya njia ya ndege. Hali kadhalika akianza kung'oa kipuri katika ndege hii akitie katika ile, kwa kuwa stoo haina kitu. Sisi tunaujua mchezo huo. Huanza kwa kipuri kimoja "mpaka Jumatatu", na Jumatatu haifiki.

Wala mpya hazina usalama kwa mfanya kazi, hata kidogo. Deni kubwa hutaka ndege isisimame. Wapakiaji huambiwa wafanye kwa dakika 60 kazi ya dakika 90, marubani huongezewa safari mpaka ukingo wa sheria, na biashara ikiyumba wa kwanza kukatwa ni sisi. Kenya Airways waliingia mpango wa ndege nyingi mpya, na katika mwaka wa hesabu ulioishia Machi 2015 wakapata hasara ya shilingi bilioni 25.7. Twasema kweli, si ndege peke yake zilizowaangusha. Palikuwa na bei ya mafuta waliyojifunga nayo, palikuwa na hofu ya mashambulio na ya ugonjwa wa Ebola, abiria wakapungua. Lakini malipo ya ndege hayakupungua. Mwaka 2016 baadhi ya ndege zile zikakodishwa kwa makampuni mengine, na ukatangazwa mpango wa kuwaachisha kazi watu 600. Hatukusikia kwamba miongoni mwa hao 600 walikuwamo walioziagiza.

Tena mashine mpya huja na mabwana wake. SGR ilipofunguliwa mwaka 2017, uendeshaji ulikuwa mikononi mwa kampuni ya Kichina, na Wakenya wakakabidhiwa kazi pole pole. Ndege mpya ni hivyo hivyo. Injini hupelekwa ng'ambo kutengenezwa kwa mapatano na mtengenezaji, na fundi wa hapa hubaki kubadilisha matairi na kujaza mafuta. Baada ya miaka kumi mkono wake umesahau.

Kinyume chake, tazameni walivyofanya Addis Ababa. Mwaka 2021 Ethiopian Airlines walipatana na kampuni ya Israel Aerospace Industries wapate kugeuza Boeing 767 za abiria kuwa za mizigo pale pale kwao. Yaani ile kazi yote tuliyoieleza, ya kukata ubavu na kutia sakafu nguvu, ifanywe na mikono ya Waafrika, na mshahara wake uliwe Addis. Mashine kuukuu imekuwa shule. Hapa kwetu ndege hugeuzwa ng'ambo, sisi tukapokea funguo. Kama tajiri wa Nairobi ataka tumsifu kwa kununua kuukuu, alete kazi ile nyumbani, hata kwa sehemu, na tutamsifu kwa sauti kubwa.

Twajua mwajiri atasema, chama kisiingilie mambo ya ununuzi, hayo ni ya halmashauri ya wakurugenzi. Tulijibiwa hivyo hivyo sisi kuhusu mabehewa, na mabehewa yalipokuja hayakuwa na vipuri, tukaitwa wavivu. Hatutaki kuchagua rangi ya ndege. Twataka ndugu zetu wa uwanja wa ndege, kabla ya kutia sahihi mapatano yo yote ya mishahara au ya saa za kazi, waombe kuona daftari la saa na safari za kila ndege inayonunuliwa tangu siku ilipotoka kiwandani, pamoja na kila mwenyewe iliyepata kuwa naye. Waombe hesabu ya mafundi kwa kila ndege, ya sasa na ya baada ya ununuzi. Waombe orodha ya vipuri vilivyolipiwa, si vilivyoahidiwa. Na kama ndege ni mpya, waombe kujua deni lake ni la miaka mingapi, na ni saa ngapi kwa mwezi zitarushwa ili lilipike.

Mapatano yaandikwe kwamba saa za ukaguzi hazikatwi na meneja wa usafiri, na ya kwamba fundi anayekataa kutia sahihi ndege asiyoridhika nayo haadhibiwi wala hahamishwi. Wakiambiwa kwamba madaftari ni siri ya kampuni, karani wa tawi aliandike jibu hilo katika kumbukumbu za mkutano, pamoja na tarehe na cheo cha aliyelitoa.